UZI: Ujumbe wa "Imeshindwa kuunganisha" haumsaidii mtu. Kifaa kinajua mengi kuliko kinavyosema

#1 Mwanzisha uzi

Ndugu wanajukwaa,

Kazi yangu ni kuandika programu za vifaa vidogo vinavyotumia Wi-Fi, na leo naomba tujadili kwa kina jambo ambalo wengi wetu hulimaliza kwa mstari mmoja wa programu: kifaa kinamwambia mtu nini pale muunganisho unaposhindikana.

Siku moja nilisimama mbele ya kifaa cha kupimia joto kilichofungwa ndani ya chumba cha ubaridi, nikitazama kioo chake kidogo kilichoandikwa "Inaunganisha", kisha nukta, kisha nukta nyingine, kila baada ya nusu sekunde. Programu ile niliiandika mimi. Ulikuwa ni ule mzunguko unaofahamika na kila aliyewahi kufanya kazi na ESP32, ile chipu ndogo yenye Wi-Fi: uliza kama umeunganishwa, kama bado chapa nukta, subiri milisekunde 500, uliza tena, bila kikomo. Mwenye chumba alikuwa ameshaingiza nenosiri upya mara tatu, kwa sababu hilo ndilo jambo pekee alilojua kulifanya. Nilipochomeka kompyuta na kusoma kumbukumbu za kifaa, nilikuta nenosiri lilikubaliwa tangu jaribio la kwanza. Kilichokosekana ni anwani ya IP: ruta ilikuwa imegawa anwani zake zote na haikubaki hata moja. Kifaa kilikuwa na taarifa hiyo muda wote tuliosimama pale kwenye baridi, ila mimi sikukipa namna ya kuisema.

Tangu siku hiyo nashikilia msimamo mmoja. Ujumbe wa hitilafu ya Wi-Fi unapaswa kueleza kifaa kimefika hatua gani, utenganishe kinachojulikana na kinachokisiwa, na umpe aliyekishika kifaa jambo la kufanya lililo ndani ya uwezo wake. "Imeshindwa kuunganisha" haina hata moja kati ya hayo matatu.

Kuunganishwa na Wi-Fi ni msururu wa hatua. Kifaa kwanza husikiliza chaneli kikitafuta jina la mtandao. Kikilipata hujitambulisha kwa ruta na kuomba kupokelewa. Kikishapokelewa, pande zote mbili huhakikishiana kwamba zinajua nenosiri lilelile. Ndipo kifaa huomba anwani ya IP kwa DHCP, utaratibu ambao ruta hutumia kugawa anwani. Kisha huhitaji DNS ili majina yageuzwe kuwa anwani. Na mwisho kabisa huifikia seva kinayoitafuta, ambako nako cheti cha usalama kinaweza kukataliwa. Kila hatua hukwama kwa namna yake, na dawa ya hatua moja haitibu nyingine. Kumwambia mtu aandike upya nenosiri ilhali DHCP ndiyo iliyonyamaza ni kumzungusha bure.

Taarifa za kutofautisha hatua hizi tayari zipo. Kiwango cha 802.11, ambacho Wi-Fi hukifuata, kimeweka namba za sababu ambazo ruta na kifaa hupeana. Namba 17 katika jibu la ombi la kupokelewa maana yake ruta imejaa na haiwezi kupokea kifaa kingine. Namba 15 miongoni mwa sababu za kutenganishwa maana yake muda wa kuhakiki ufunguo umekwisha kabla zoezi halijakamilika. Redio huzipokea namba hizi, dereva ya redio (programu inayoiendesha) huzipandisha juu, halafu sisi tunaoandika tabaka la mwisho, lile linaloonwa na macho ya watu, tunazimimina zote ndani ya chungu kimoja.

Naomba nikae kidogo kwenye suala la nenosiri, maana hapo ndipo ninapoona makosa mengi ya watu makini. Katika WPA2, mfumo wa usalama wa Wi-Fi unaotumika majumbani, nenosiri lenyewe halitumwi hewani. Kifaa na ruta, kila kimoja upande wake, hukokotoa ufunguo kutokana na nenosiri pamoja na jina la mtandao, hesabu ikirudiwa mara 4,096, kisha hubadilishana jumbe nne. Ruta hutuma wa kwanza. Kifaa hujibu kwa wa pili, uliobeba muhuri uliotengenezwa kwa ufunguo ule. Muhuri usipolingana, ruta haisemi kwamba nenosiri si sahihi. Huutupa ujumbe kimyakimya, hurudia kutuma wa kwanza mara kadhaa, kisha hukitenganisha kifaa. Sasa chukua kifaa kilicho mbali, chenye nenosiri sahihi kabisa, ambacho ujumbe wake wa pili unapotea hewani. Nacho kitaona jambo lilelile: ujumbe wa kwanza unarudiwa, wa tatu haufiki kamwe. Kwa hiyo tunapoandika "Nenosiri si sahihi" bila kusita, tunatoa hukumu kwa ushahidi wa kimazingira. Programu ya wpa_supplicant, inayotumika kwenye mifumo mingi ya Linux, ina uangalifu huo, kwani huandika katika kumbukumbu zake kwamba huenda ufunguo si sahihi. "Huenda" ile imepimwa.

Hata hivyo makisio hayalingani uzito, na kifaa kinaweza kuyapima. Kama nguvu ya mawimbi ni dBm -50 (kadiri namba inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yalivyo na nguvu) na nenosiri hili halijawahi kufanya kazi hata mara moja, kosa la kuandika ndilo la kutiliwa shaka kwanza. Kama mawimbi ni dBm -85 na nenosiri lilelile lilifanya kazi jana, umbali ndio wa kutazamwa. Kama mawimbi ni mazuri na nenosiri lilifanya kazi kwa mwezi mzima hadi leo asubuhi, yaelekea mtu amelibadilisha kwenye ruta. Hali hizo tatu zote zinafika kwetu zikiwa na namba ileile 15, lakini kila moja inastahili maneno yake.

Yako mengine ambayo hayahitaji hata kujaribu. Nenosiri la WPA2 huwa na herufi 8 hadi 63, basi mtu akiandika herufi saba mwambie papo hapo, usimsubirishe sekunde thelathini. Nafasi tupu iliyonaswa mwishoni mwa nenosiri lililonakiliwa, na herufi kubwa ambayo kibodi ya simu imeiweka yenyewe mwanzoni, ni makosa ambayo hayaonekani pale nenosiri linapofichwa kwa vidoti. Mpe mtu kitufe cha kulionyesha. Na jaribio likishindikana, tafadhali usimfutie alichoandika. Aliyekosea herufi moja kati ya ishirini arekebishe hiyo moja.

Ningependa kusikia wenzangu mnaoshughulika na ruta, mnaopokea simu za wateja na mnaotafsiri programu. Nyie hulishughulikiaje?

#2 Mchangiaji, fundi wa mitandao

Mkuu, nakubaliana na sehemu kubwa, ila nina mapingamizi mawili na sahihisho moja.

Pingamizi la kwanza ni kwamba watu hawasomi. Ukimwekea mtu aya nzima kuhusu DHCP ataifunga na kubonyeza "Jaribu tena" hadi betri iishe. Pingamizi la pili ni la usalama. Tumefundishwa kwamba ukurasa wa kuingia haupaswi kusema kama kilichokosewa ni jina au nenosiri, kwa sababu taarifa hiyo humsaidia mvamizi. Kwa nini Wi-Fi iwe tofauti?

Sahihisho linahusu mpangilio wa hatua. Ulivyoeleza ni sawa kwa WPA2, lakini katika WPA3 ya majumbani, toleo lililofuata WPA2, nenosiri huhakikiwa mapema, katika hatua ya kujitambulisha, kabla kifaa hakijaomba kupokelewa. Ukiandika programu inayoamini kwamba kushindwa kabla ya kupokelewa hakuwezi kuwa kosa la nenosiri, itawadanganya wote wenye ruta mpya. Na jambo jingine linalofanana na hilo: ruta iliyowekwa itumie WPA3 peke yake hujitangaza hivyo katika matangazo yake ya kawaida. Kifaa cha zamani kinaliona jina, mtu analichagua, kisha kinakwama. Kwa kuwa tangazo limeshasomwa, kifaa kingeweza kusema hata kabla ya kuomba nenosiri: "Ruta hii inakubali WPA3 pekee. Kifaa hiki kinaishia WPA2. Badili mpangilio wa usalama wa ruta uwe WPA2 na WPA3 kwa pamoja."

#3 Mwanzisha uzi

Ahsante sana kwa sahihisho la WPA3, nimelipokea na nitapanga upya hatua zangu kwa kufuata aina ya usalama.

Kuhusu usalama, nadhani mazingira ni tofauti. Ukurasa wa kuingia unazungumza na mgeni asiyejulikana aliye upande wa pili wa dunia, na seva ndiyo yenye siri. Hapa kifaa ni cha mtu mwenyewe, kinamweleza mwenyewe kilichokipata chenyewe. Zaidi ya hapo, jumbe za kujitambulisha, za kuomba kupokelewa na zile nne za WPA2 hupita hewani bila kusimbwa, na yeyote mwenye redio inayosikiliza karibu anaziona zilikoishia. Kuzificha kwa mwenye kifaa hakumnyimi mvamizi chochote. Siri ambayo kweli tunapaswa kuilinda ni nenosiri, lisiandikwe kamwe kwenye kumbukumbu, na jina la mtandao, ambalo linaweza kufichua mahali mtu anapoishi. Hilo lisitumwe kwa watoa msaada bila mwenyewe kukubali.

Kuhusu watu kutosoma, una haki. Ninachopendekeza ni sentensi mbili tu: ya kwanza ieleze hali, ya pili ieleze la kufanya. Kwa kile kisa cha chumba cha ubaridi ningeandika: "Nenosiri limekubaliwa, lakini ruta haijatoa anwani. Zima ruta, subiri nusu dakika, kisha iwashe." Namba za sababu, nguvu ya mawimbi, chaneli na saa ya jaribio viwekwe nyuma ya kitufe cha "Maelezo zaidi", kwa ajili ya fundi atakayekuja.

Maneno mawili ya mwanzo, "nenosiri limekubaliwa", ndiyo ninayoyathamini kuliko yote. Yanamwondolea mtu hangaiko ambalo lingemla saa nzima.

#4 Mchangiaji, huduma kwa wateja

Ndugu zangu, mimi ndiye ninayepokea simu hizo, nami naomba niongeze mambo ambayo mwandishi wa programu hayaoni akiwa mezani kwake.

La kwanza linaniumiza kila siku. Kuna kifaa tunachokihudumia ambacho, kikikosa intaneti, huandika: "Kwa msaada tembelea ukurasa wetu", kisha kinaweka kiungo kirefu. Mtu ambaye tatizo lake ni kukosa intaneti anaelekezwa kwenye intaneti. Maelekezo ya hitilafu za mtandao lazima yakae ndani ya kifaa chenyewe, kwa ukamilifu wake, hata kama yatachukua nafasi kwenye hifadhi.

La pili, nipeni namba fupi inayoweza kusomwa kwa sauti kwenye simu. Mteja akinisomea "sifuri eksi nane sifuri sifuri..." tunapotezana njiani. Akinisomea "W4" na mimi nikajua W4 ni hatua ya anwani, tumeokoa dakika kumi. Lakini namba isije peke yake. Ije pamoja na ile sentensi, kwa kuwa mteja mwingi angependa ajimalizie mwenyewe asipige simu kabisa.

La tatu ni vifaa visivyo na kioo. Taa moja inayowaka nyekundu haitoshi, na kuna watu wasioweza kutofautisha nyekundu na kijani. Idadi ya kuwaka inasomeka na kila anayeona taa: mara mbili jina la mtandao halionekani, mara tatu nenosiri, mara nne anwani. Mteja anahesabu, ananiambia. Na kwenye programu za simu, hakikisheni ujumbe unasomwa na kisoma skrini pale unapotokea, usiishie kuwa rangi iliyobadilika kwenye ukingo wa kisanduku.

#5 Mchangiaji, mfasiri wa programu

Naomba nilete hoja ya lugha, maana naona hata sisi katika uzi huu tumeshaiangukia.

Neno "mtandao" katika Kiswahili chetu cha kila siku linabeba mizigo mitatu kwa wakati mmoja. Ni Wi-Fi ya nyumbani, ni intaneti kwa ujumla, na ni huduma ya kampuni ya simu. Mtu anaposema "sina mtandao" huwezi kujua anamaanisha lipi mpaka umuulize. Sasa kifaa kinapoandika "Hakuna mtandao", kimesema mambo matatu na hakijasema lolote. Nimewahi kupokea maneno ya kutafsiri ambamo hali ya "jina la Wi-Fi halikuonekana" na hali ya "Wi-Fi ipo ila haina njia ya kutoka nje" zote zilikuwa zimepewa tafsiri ya "Mtandao haupatikani". Mtumiaji wa kwanza alipaswa kusogea karibu na ruta, wa pili alipaswa kuangalia waya unaoingia kwenye ruta au malipo ya huduma. Tafsiri iliwafanya kuwa mtu mmoja.

Tangu hapo nimejiwekea utaratibu. Muunganisho wa redio kati ya kifaa na ruta nauita "Wi-Fi". Kilicho ng'ambo ya ruta nakiita "intaneti". Neno "mtandao" naliacha kwa "jina la mtandao" na kwa "mtandao wa simu", ambako limeambatana na neno jingine linalolifunga maana. Hivyo hali ya kwanza inakuwa "Wi-Fi yenye jina hili haionekani hapa ulipo", na ya pili "Umeunganishwa na Wi-Fi, lakini ruta haipati intaneti".

Kuna pia suala la nani anayelaumiwa. "Umeingiza nenosiri batili" inamnyooshea mtu kidole, na "batili" yenyewe ni neno la mikataba na ndoa. Nenosiri halibatiliki, linakubaliwa au linakataliwa. "Nenosiri halikukubaliwa" inaeleza tukio bila kumtafuta mkosaji, na kwa yale mliyoyasema juu ya WPA2, pengine hata hiyo imezidi. Lugha yetu ina "huenda", "yaelekea" na "inaonekana", maneno yenye viwango vyake vya shaka. Tuyatumie kwa kufuata kile ambacho kifaa kimekipima. Mahali ambapo kifaa kina hakika, kama vile ruta iliyojibu kwa namba 17, tuseme wazi bila "huenda": "Ruta imejaa vifaa. Tenganisha kimoja usichokitumia, kisha jaribu tena."

#6 Mwanzisha uzi

Hoja ya neno "mtandao" imenifungua macho. Nimefungua programu yangu sasa hivi nikakuta nimeandika "Hakuna mtandao" katika sehemu nne, na katika kila sehemu nilimaanisha jambo tofauti. Nazibadilisha leo.

Nirudi kwenye jambo ambalo sikuligusa mwanzoni: kujaribu tena. Ujumbe mzuri hausaidii kitu kama kifaa kimekata tamaa mapema. Chukua hali ya umeme kukatika na kurudi. Kifaa kidogo kinawaka kwa sekunde chache, wakati ruta huhitaji dakika moja au mbili kabla haijaanza kujitangaza. Kifaa kilichopangiwa majaribio matano ya haraka kinayamaliza yote ruta ikiwa bado inaamka, kisha kinabaki kimekufa hadi mtu aje akizime na kukiwasha. Kwa kipimajoto kilicho ndani ya chumba kilichofungwa, mtu huyo anaweza asije kwa siku mbili.

Ninachofanya sasa ni kurefusha kusubiri hatua kwa hatua: sekunde moja, mbili, nne, nane, hadi kufikia kikomo cha dakika tano, na hapo kifaa huendelea kila dakika tano bila kuacha. Kila muda naongezea sekunde chache za kubahatisha, ili vifaa arobaini vilivyowashwa pamoja visiirukie ruta kwa mkupuo uleule. Kwa nenosiri lililokataliwa nina sheria mbili. Kama halijawahi kufanya kazi, kifaa kinasimama na kumuita mtu. Kama liliwahi kufanya kazi, hakisimami kamwe, kinaendelea kujaribu polepole huku kikionyesha ujumbe, kwa kuwa huenda kilichoharibika ni mawimbi na yatarudi. Muda wa jaribio lijalo uonekane kwenye kioo: "Kitajaribu tena baada ya dakika 4." Mtu akiona saa inashuka anajua kifaa kiko hai.

#7 Mchangiaji, mwanafunzi wa uandishi wa programu

Shikamooni wakubwa. Nina swali kuhusu hatua za mwisho. Programu yangu ya simu hupata anwani ya IP bila shida, lakini katika sehemu zenye Wi-Fi ya wageni inasema "Seva haipatikani" hadi nifungue kivinjari na kukubali masharti. Vilevile kifaa changu cha majaribio kinasema "Muunganisho si salama" kila kinapowashwa, ingawa seva ni ileile na cheti chake ni kizima. Je, haya nayo yanahesabiwa kuwa hitilafu za Wi-Fi?

#8 Mchangiaji, fundi wa mitandao

Marahaba. Kwa mtumiaji yote ni "Wi-Fi haifanyi kazi", kwa hiyo ndiyo, yahesabu.

La kwanza ni ukurasa wa kuingia. Ruta ya wageni huyakamata maombi yako ya kwanza na kuyaelekeza kwenye ukurasa wake. Ombi la HTTPS, yaani linalolindwa kwa cheti, haliwezi kuelekezwa hivyo bila cheti kugoma, ndiyo maana programu yako inaona kushindwa tu. Simu zenyewe hugundua hali hii kwa kuomba ukurasa mdogo unaojulikana kwa HTTP ya kawaida. Android hutarajia jibu namba 204 lisilo na kitu ndani; vifaa vya Apple hutarajia ukurasa wenye neno moja la kuthibitisha kufaulu. Jibu likija na kitu kingine, kuna mtu katikati ya njia. Mwaka 2020 ulitoka waraka wa RFC 8910 unaoiwezesha ruta kutangaza anwani ambako kifaa huuliza habari za ukurasa huo, moja kwa moja kupitia DHCP, kwa chaguo namba 114, ingawa huwezi kutegemea kwamba kila ruta utakayokutana nayo inafanya hivyo. Fanya jaribio hilo dogo kabla ya kulaumu seva, kisha andika: "Wi-Fi hii inataka ukubali masharti kwanza. Bonyeza hapa kufungua ukurasa wake."

La pili ni saa. Kifaa kisicho na betri ya saa huamka kikidhani ni Januari 1970. Cheti cha seva kinaonyesha kimeanza kutumika miaka mingi baadaye, basi kifaa kinakikataa, tena kwa haki kabisa kwa kadiri kinavyojua. Weka saa kwa NTP, huduma ya kuulizia saa kupitia intaneti, kabla ya kufungua HTTPS. NTP nayo hupita mlango namba 123 wa UDP, ambao baadhi ya ruta za wageni huufunga, kwa hiyo ikishindikana usiseme "Muunganisho si salama", maneno ambayo yanamtisha mtu bila sababu. Sema: "Kifaa hakijapata saa sahihi, kwa hiyo hakiwezi kuhakiki seva."

Nyongeza ndogo kuhusu ruta na anwani. Ukitaka kujua kama ruta iko hai, usitegemee ping (ujumbe mfupi wa kuuliza "upo?") peke yake, kwa sababu ziko ruta zilizopangwa zisiijibu. Jibu la ARP, ambayo kifaa hutumia kuuliza ni nani mwenye anwani fulani ya IP, kutoka kwenye ruta linatosha kukuonyesha kwamba njia hadi pale ni nzima. Na ukiona kifaa kimejipa anwani inayoanza na 169.254, hiyo si anwani iliyotoka kwenye ruta. DHCP imeshindwa, hata kama alama ya Wi-Fi imejaa.

#9 Mchangiaji, huduma kwa wateja

Naomba kuongeza moja ambalo hunijia karibu kila juma. Mteja anasema: "Simu yangu inaiona Wi-Fi, kifaa chenu hakiioni." Mara nyingi simu iko kwenye masafa ya gigahezi 5, na kifaa kina redio ya gigahezi 2.4 pekee. Programu ya kusanidi iliyo kwenye simu inajua simu iko masafa gani. Kwa nini isiseme?

#10 Mwanzisha uzi

Isiposema ni uzembe wetu, nami nimo. Kuanzia toleo lijalo yangu itasema: "Simu yako iko kwenye masafa ya gigahezi 5. Kifaa hiki hutumia 2.4 pekee. Washa gigahezi 2.4 kwenye ruta." Hilo linahusu pia chaneli za 12 na 13, ambazo kifaa kilichopangiwa kanuni za redio za Marekani kwa kawaida hakizitumii, hata kikiwa kimewekwa kando ya ruta.

Kwa wale walioniuliza kwa ujumbe wa faragha jinsi ninavyopima haya, nimechukua ruta moja ya zamani na ninaiharibu makusudi, hatua moja kwa wakati. Nabadilisha nenosiri kifaa kikiwa kimeunganishwa. Napunguza anwani za DHCP ziwe moja, kisha naiunganisha simu kwanza ili iichukue. Naelekeza DNS kwenye anwani isiyo na kitu. Nachomoa waya wa intaneti na kuacha Wi-Fi ikiwaka. Nakipeleka kifaa mbali hadi mawimbi yashuke chini ya dBm -85. Kila mara namwita mtu asiyehusika na kazi hii, namkabidhi kifaa bila neno, kisha natazama mkono wake unaenda wapi. Jana, kwa ile hali ya anwani kwisha, mtu niliyemkabidhi alisoma sentensi mbili, akaenda moja kwa moja kwenye ruta, akaizima. Hakugusa nenosiri.

Jaribio la waya uliochomolewa bado linanishinda. Kifaa kinaandika "Ruta haipati intaneti", watu wanasoma, wanaelewa, halafu wanaizima ruta badala ya kutazama waya ulio nyuma yake. Nadhani sentensi ya pili haijautaja waya mapema vya kutosha. Nitaigeuza ianze na waya, kisha nitarudi hapa na matokeo.